Kutoka Kikosi cha Chuo hadi Darasa la Muziki: Mwongozo kwa Mwanamichezo Anayetaka Kuwa Mwalimu wa Muziki

Katika shule za Afrika Mashariki michezo na muziki havijawahi kukaa mbali. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari nchini Tanzania huwakutanisha wakimbiaji, wacheza netiboli na wanakwaya katika msafara mmoja. Mtaala wa elimu ya msingi ulioboreshwa mwaka 2023 una somo linaloitwa Sanaa na Michezo. Na nchini Kenya mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu huchagua kati ya njia tatu, mojawapo ikiwa ni ile ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa hiyo mwanachuo anayekimbia mita 400 au anayelinda goli la timu ya chuo, kisha akatamani kufundisha muziki, hafanyi jambo la ajabu hata kidogo, ingawa wenzake wa bwenini watamshangaa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanachuo huyo, na pia kwa mwalimu kijana aliyepangiwa kufundisha Sanaa na Michezo ilhali anaijua michezo peke yake. Msimamo wangu ni kwamba mwanamichezo tayari anacho kitu kigumu kuliko vyote, yaani mazoea ya kurudia kila siku jambo ambalo bado halimudu, bila kuvunjika moyo. Nota, skeli (ngazi ya noti zinazofuatana) na hamonia (noti zinazolia pamoja) hujifunzwa na mtu yeyote mwenye subira. Kinachoweza kumharibia kazi ni tabia nyingine ya uwanjani, ile ya kuchagua kikosi na kuwaacha wengine benchi, nayo inabidi aiache mlangoni mwa darasa.

Kujifunza muziki wewe mwenyewe kwanza

Anza na sauti yako, kwa sababu ndiyo ala utakayokuwa nayo hata katika shule isiyo na kitu. Jiunge na kwaya ya kanisa, kikundi cha kaswida au kikundi cha taarab kilicho karibu na chuo, na uombe kupewa sehemu ambayo si ya melodia kuu. Mtu anayeimba sauti ya kwanza kila siku hujifunza wimbo mmoja mmoja. Anayeshikilia sauti ya pili au ya tatu huku wengine wakivuta kwingine hujifunza kusikiliza, na mwalimu wa muziki hulipwa kwa ajili ya masikio yake kuliko koo lake. Katika kaswida, omba pia kufundishwa kupiga dufu, kwa sababu dufu humfundisha mtu kuweka pigo mahali pake wakati mdomo unafanya jambo jingine.

Jifunze solfa mapema. Mfumo huo wa do, re, mi ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiuendeleza kutokana na kazi ya Sarah Glover, kisha wamisionari wakauleta huku kwetu, na hadi leo nyimbo nyingi za kwaya zetu huandikwa kwa herufi zake. Nota za mistari mitano utazihitaji pia, na usikubali kuambiwa kwamba solfa inatosha au kwamba solfa imepitwa na wakati. Mwalimu wa shule anahitaji zote mbili: solfa ya kuwafikisha wanafunzi haraka kwenye wimbo, na nota za mistari za kuwafungulia muziki wa ala.

Baada ya sauti, chagua ala moja. Kinanda ndicho kinachosaidia zaidi, kwa kuwa kinaonyesha hamonia yote machoni na vidoleni. Lakini mwanamichezo azikague kwanza hali za vidole vyake. Wacheza mpira wa kikapu, wa wavu na wa netiboli, pamoja na makipa, mara nyingi wana viungo vya vidole vilivyoteguka zamani na kupona vibaya. Kidole kisichokunjuka sawasawa si sababu ya kuacha muziki, ila ni sababu ya kuchagua ala inayokifaa: anayeshindwa kutanua mkono kwenye kinanda anaweza kupiga tarumbeta, ambayo vali zake tatu hubonyezwa kwa vidole vitatu tu, au ngoma, au marimba ya kupigwa kwa fimbo.

Sasa panga mazoezi kama ulivyozoea kupanga mazoezi ya mwili, isipokuwa kwa jambo moja. Yale yanayofanana ni haya: dakika 30 kila siku zina faida kuliko saa nne za Jumamosi, kila kipindi kiwe na lengo dogo linaloweza kupimwa, na usingizi ni sehemu ya mazoezi. Chukua sehemu mbili fupi tu za wimbo (zile zinazotenganishwa na mistari wima katika nota), weka metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, uzipige mara tatu mfululizo bila kosa, kisha uongeze hadi 64, halafu 68. Ukikosea, shusha kasi. Mkimbiaji aliyewahi kukimbia mizunguko kwa saa ya kocha atauelewa utaratibu huu siku ya kwanza, na hapo atampita mwenzake aliyezaliwa na sauti nzuri lakini hajawahi kufanya mazoezi kwa mpangilio.

Jambo moja lisilofanana ni uchovu. Uwanjani kuna siku ambazo kocha anataka uchoke, kwa sababu mwili hujengeka unapopumzika baada ya kuchoka. Kwenye ala, mkono uliochoka hujikaza, ukijikaza hukosea, na ukirudia kosa mara 20 utakuwa umelifundisha kosa lenyewe. Nimeona vijana wenye nguvu wakijiumiza kano za kifundo cha mkono kwa kudhani kwamba maumivu ni dalili ya maendeleo. Ukihisi maumivu, simama, nyoosha mabega, tembea kidogo. Yakirudi kesho yake, mwone daktari au mwalimu mwenye uzoefu aangalie jinsi unavyokaa na unavyoshika ala.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi, kwa kuwa masharti ya kujiunga hubadilika na kila chuo kina yake; waulize wenyewe kabla ya kulipa ada. Nchini Tanzania, Chuo cha Ualimu Butimba mjini Mwanza kinajulikana kwa kuwaandaa walimu wa muziki, sanaa za ufundi na elimu kwa michezo, jambo linalokifanya kifae sana kwa mtu wa aina yako. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kuwa taasisi mwaka 2007, hufundisha sanaa za maonyesho pamoja na muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, vina masomo ya muziki ya ngazi ya shahada. Zanzibar ipo Dhow Countries Music Academy, ambako mtu hujifunza udi, kanuni na ala nyingine za taarab. Kwa upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki ya miaka mingi. Asiyeweza kurudi chuoni afikirie mitihani ya kimataifa ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza), yenye hatua 1 hadi 8, ambayo mtahiniwa hujiandaa kwa muda wake; afahamu tu kwamba ili kufanya mtihani wa vitendo wa hatua ya 6 kwenda juu, kwa kawaida hudaiwa kwanza kufaulu nadharia ya hatua ya 5.

Linda koo lako kabla halijaanza kuuma

Mwalimu anayefundisha michezo asubuhi na kwaya jioni yuko hatarini kuliko walimu wengine wote wa shule. Nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto hugongana mamia ya mara kwa sekunde mtu anapopaza sauti, na anayepiga kelele kuvuka uwanja kwa saa nzima huzivimbisha. Akiingia darasani kuimba akiwa na uvimbe huo, hulazimika kusukuma zaidi, na baada ya muhula mmoja au miwili sauti inakuwa na mkwaruzo wa kudumu.

Kwa hiyo acha kupiga kelele pande zote mbili. Uwanjani tumia ishara za mikono na filimbi, lakini usiipulizie karibu na sikio lako wala la mtoto, kwa maana filimbi ya mwamuzi huzidi desibeli 100, na wataalamu wa afya ya kazi huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane za siku. Darasani tumia makofi: piga mdundo mfupi, wanafunzi waujibu, na wakiujibu wote kwa pamoja watakuwa wamenyamaza bila wewe kusema neno. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, na usijizoeze kukohoa ili kusafisha koo. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda hospitali ukaonwe na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kunywa tangawizi na kuendelea kuimba si matibabu.

Mbinu ya kupumua utaipata kwa urahisi kuliko wenzako, lakini irekebishe. Mwanariadha aliyechoka hupandisha mabega na kuvuta hewa nyingi kifuani. Mwimbaji huacha mabega yakae, huruhusu mbavu za chini na tumbo zitanuke, kisha huitoa hewa polepole. Jaribu kutoa sauti ya "sss" nyembamba isiyotetereka kwa sekunde 15, na kila wiki uongeze kidogo. Mapafu makubwa ya mkimbiaji hayana faida kwenye wimbo kama hewa yote inamwagika katika neno la kwanza.

Kipindi cha kwanza, wanafunzi 60, hakuna ala

Hali hii ndiyo ya kawaida katika shule zetu nyingi, na hapa ndipo uzoefu wa uwanjani unapokuwa mali. Usianze kwa kuandika ubaoni maana ya muziki. Wasimamishe. Waambie watembee mahali walipo, mguu wa kushoto na wa kulia, kwa mwendo unaouweka wewe, mpaka nyayo zote zisikike kama moja. Hilo ndilo pigo. Miguu ikiendelea, wapige makofi mawili katika kila hatua, kisha kofi moja katika kila hatua mbili. Ndani ya dakika kumi watakuwa wameonja kwa miili yao tofauti ya pigo na mdundo, ambayo ingekuchukua vipindi vitatu kuieleza kwa chaki.

Halafu ingia kwenye sauti kwa noti mbili tu, so na mi, zile ambazo watoto hutumia wanapoitana na kutaniana uwanjani. Onyesha ishara za mkono za Curwen: kwa so kiganja kikukabili na kidole gumba juu, kwa mi kiganja kilale bapa kikitazama chini. Imba, wakujibu. Wiki inayofuata ongeza la, halafu do na re. Usiwakimbize. Darasa linaloimba noti tatu kwa usahihi limefika mbali kuliko linalopiga kelele noti nane.

Atakuwepo mtoto atakayekuambia, "Mwalimu, mimi siwezi kuimba." Usimkatalie na usimsifu uongo. Mwite karibu na umwambie, "Piga hodi, kama umefika kwa bibi yako." Atasema "Hodi!" kwa sauti yake ya kawaida. Idake noti ile aliyoitoa, umwimbie hivyo hivyo: "Karibu." Mwambie apige hodi tena, safari hii avute ile silabi ya mwisho. Akiivuta, tayari anaimba, nawe umeshaijua noti yake ilipo, ambayo mara nyingi iko chini ya ile uliyokuwa ukimdai. Kutoka hapo mpandishe hatua moja moja, wewe ukimfuata yeye alipo badala ya yeye kukutafuta. Kazi hii huchukua dakika mbili kwa mtoto, na unaweza kuifanya kwa watoto wawili au watatu kila kipindi wakati wengine wanaendelea na mdundo.

Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu ndipo wanamichezo wengi wanapokosea. Kocha ana nafasi 11 au saba, na kazi yake inamlazimisha kumwambia kijana kwamba hatacheza. Mwalimu wa somo hana ruhusa hiyo. Wavulana wa Darasa la Saba hadi Kidato cha Pili ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa sauti zao zinavunjika na huruka bila taarifa. Mwalimu akiwaambia wanyamaze hadi zitulie, wengi hawarudi tena. Wape mstari mwembamba wa noti nne au tano katika eneo linalowakaa vizuri, uubadilishe kila baada ya miezi michache, na uwape ngoma au kayamba katika nyimbo ambazo mstari huo haupo. Waendelee kuwa ndani ya muziki wakati miili yao inafanya kazi yake.

Shule ikipata fedha kidogo, rekoda, yaani filimbi ndogo yenye matundu ya kuzibwa kwa vidole, ndiyo ala ya darasa iliyo nafuu. Mkono wa kushoto uwe juu daima, hata kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Anzeni na noti tatu: B kwa kidole gumba na cha shahada, A kwa kuongeza kidole cha kati, G kwa kuongeza kile kinachofuata. Mlio mkali wa kukera masikio mara nyingi husababishwa na mambo mawili, yaani pumzi kali mno au tundu lisilozibwa vizuri, na ukilijua hilo utakuwa ukirekebisha badala ya kukemea.

Usisahau ala za mahali ulipo. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha katika chuo cha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze ya kwao Dodoma katika majukwaa ya dunia bila kuzifanya ziige piano. Mpangilio wa noti katika ala hizo haufanani na ule wa kinanda, kwa hiyo ukimwalika mzee wa kijijini kuja kupiga, usiwaambie wanafunzi kwamba ala yake imekosa sauti. Mwache afundishe kwa njia yake, nawe ukae chini na wanafunzi ujifunze.

Kwaya ya mashindano

Kwaya ya shule inayokwenda UMISSETA, au kwenye Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927, ni jambo tofauti na darasa, na huko kuchagua waimbaji kunaruhusiwa. Hapa ukocha wako una nafasi yake. Hesabu wiki kuanzia siku ya shindano kurudi nyuma. Wimbo wote uwe umeshikwa kichwani wiki nne kabla. Wiki tatu za mwisho ni za matamshi, mwanzo na mwisho wa sentensi, na kutazama mkono wa kiongozi. Siku mbili za mwisho punguza mazoezi, kama unavyompunguzia mkimbiaji, kwa sababu koo la mtoto wa miaka 13 haliponi usiku mmoja. Rekodi mazoezi kwa simu na uwasikilizishe wenyewe; watasikia kwamba wanashuka noti kabla hujawaambia. Wakishuka, mara nyingi tatizo ni pumzi au uchovu, na kuwafokea huwashusha zaidi.

Utagundua kwamba wasichana wako wa sauti ya pili ndio hao hao wa timu ya netiboli, na mpiga ngoma wako ndiye mshambuliaji wa kati. Mtoto asilazimishwe kuchagua. Mwanzoni mwa muhula kaa na mwalimu wa michezo na mwalimu wa taaluma, mwandike ratiba moja, mkubaliane siku zisizogongana, na siku ya mechi kubwa kwaya isikutane. Wewe uliyekuwa katika timu unaelewa uzito wa siku hiyo kuliko mwalimu mwingine yeyote wa muziki, na wenzako watalipokea pendekezo lako kwa urahisi likitoka kwako.

Ili udumu miaka mingi

Walimu wengi wa muziki huacha kazi hii kwa kuchoka kuomba: kuomba kipindi, kuomba chumba, kuomba ala. Punguza kuomba kwa kuonyesha. Mwalike mkuu wa shule kipindi cha kawaida cha darasa zima, si siku ya sherehe, aone wanafunzi 60 wakiimba sehemu mbili kwa ishara za mkono wako. Kisha umpelekee maombi yako kwa maandishi, kitu kimoja kwa muhula, pamoja na bei.

Endelea kucheza mchezo wako. Miguu inayokimbia asubuhi humpa mtu nguvu za kusimama mbele ya kwaya jioni, na wanafunzi humheshimu mwalimu wanayemwona akitoka jasho pamoja nao. Endelea pia kupiga ala yako mwenyewe, hata dakika 20 kwa siku, na ujifunze wimbo mmoja mgumu kila mwaka ambao hutaufundisha kwa mtu.

Weka daftari la nyimbo. Kila wimbo unaoufundisha uandike kwa solfa, ukitaja kabila au mahali ulikotoka, aliyekufundisha, darasa lililoumudu na noti iliyowashinda. Ala zote ziwe na namba na ziandikwe katika kitabu cha mali cha shule. Rekoda zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila muhula, kinanda kifunikwe kitambaa dhidi ya vumbi, na ngozi za ngoma zisiachwe juani mchana kutwa. Barua ya uhamisho ikifika, mkabidhi mwalimu anayebaki nakala ya daftari hilo, ufunguo wa stoo na orodha ya ala iliyosainiwa na mkuu wa shule, na kama hayupo mwalimu wa muziki wa kukupokea, wafundishe wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu kuongoza kwaya kwa muhula mzima kabla hujafunga mizigo.